Kazija ni mtu mbaya au si mbaya?

Akina mama, juma hili tuache kidogo habari za bei ya ndagala na pesa ya shule, tuzungumze juu ya watu wabaya. Nasema watu wabaya wa hadithi: yule mke wa pili anayetabasamu mezani huku ana jambo lake moyoni, yule baba anayeheshimiwa na mtaa mzima na kuogopwa na nyumba yake mwenyewe, yule binti mpole ambaye mwisho wa filamu tunagundua kwamba ni yeye aliyepanga yote. Kila kikundi ninachofika, hapa Baraka na hata kule juu Fizi, pesa za likelemba zikishahesabiwa na daftari likishafungwa, mazungumzo huelekea huko. Nani ameiona ile ya mama mkwe? Kwa nini alimfanyia mkwewe vile? Waliokuwa wamesimama kwenda kupika sombe wanarudi kukaa.

Wengi wetu tulionja utamu huu ng'ambo ya ziwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoa wa Kigoma, na ujana wa wanawake wengi wa Fizi ulipita ndani yake au katika kambi ya Lugufu. Kuanzia 2005, meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi hapa kwetu, walishuka na magodoro, masufuria, watoto waliozaliwa ugenini, na Kiswahili cha Tanzania kilichojaa maneno ya vibanda vya video. Mpaka leo utamsikia kijana wa hapa akisema "steringi hafi", maana yake mhusika mkuu hawezi kufa kabla filamu haijaisha. Na anayepigana na steringi ni adui. Basi, watu ni wa aina mbili tu duniani, na ukikaa dakika kumi mbele ya televisheni umekwisha kuwajua wote.

Lakini kuna hadithi zinazovunja mpango huo, na ndizo ninazotaka tuziangalie. Si hadithi za kipelelezi. Za kipelelezi tunazijua tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Humo swali ni moja: nani aliua? Mpelelezi akishamwonyesha muuaji kwa kidole, kazi imekwisha na sisi tunalala. Katika hadithi ninazozisema mimi, mara nyingi tunamjua mtenda tangu mwanzo. Tunakaa ndani ya kichwa chake. Tunamwona akipanga, akisitasita, akijidanganya, akijihurumia. Hofu haitoki gizani nje ya nyumba. Inatoka ndani ya mtu anayekula nawe sahani moja. Na jambo linalotunyima usingizi si "nani?" bali "kwa nini?", na baada ya hapo, polepole, "ingekuwa mimi je?"

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya namna hii ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Pemba mwaka 1947. Kilitolewa mwaka 1980. Hakuna ndani yake bastola wala jini, lakini mimi nilikisoma kama mtu anayesikiliza nyayo nyuma ya mlango.

Yumo Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na mwenye jina katika siasa. Hadharani anasema maneno mazuri juu ya watu na maendeleo yao. Nyumbani kwake mlango umefungwa. Mke wake, Tamima, hatoki. Binti yake, Maimuna, haendi shule tena na haoni jua ila lile linaloingia ndani. Nje anasifiwa, ndani anaogopwa. Naamini kila msomaji wa gazeti hili anaweza kumtaja Maksuudi mmoja anayemjua yeye, na tafadhali msinitajie.

Sasa anaingia Kazija. Kazija ni mwanamke anayeishi kwa kupokea wanaume nyumbani kwake. Katika filamu za kawaida huyu angekuwa adui moja kwa moja: nywele zake, rangi ya midomo yake, muziki unaopigwa akitokea, vyote vingetuambia tumchukie, na mwishoni angepata ugonjwa au angeokoka. Said Ahmed Mohamed hafanyi hivyo. Anatupa kwanza deni la zamani. Bibi yake Kazija ni Farashuu, mkunga. Farashuu alikuwa na binti, Mwanasururu, ambaye Maksuudi alimwoa, akajitwalia mali yake, akamtupa akiwa ameharibikiwa. Hakuna mahakama iliyouliza, hakuna mzee wa mtaa aliyeitisha kikao. Mtu aliyefanya hivyo aliendelea kuitwa Bwana.

Kwa hiyo Kazija anaifanya mwenyewe kazi ambayo hakuna aliyeifanya, na anaifanya kwa silaha aliyonayo. Anamvuta Maksuudi. Anamvuta pia Mussa, kijana wa Maksuudi. Baba hajui habari za mtoto, mtoto hajui habari za baba. Halafu Kazija anapanga mambo yake kwa uvumilivu kama wa mtu anayetega nyavu usiku usio na mwezi, mpaka siku ile ambapo baba na mtoto wanakutana uso kwa uso, kwake.

Nimewasomea wanawake sehemu ile mara kadhaa, katika vikundi tofauti, na jambo moja hutokea kila mara. Kwanza kinakuja kicheko. Kicheko kikubwa, cha kupigana mapajani, cha watu waliosubiri kwa muda mrefu kumwona mkubwa fulani akivuliwa nguo mbele ya watu. Kisha kicheko kinapungua. Kisha mtu anauliza habari za Mussa. Alikosa nini, huyu mtoto? Ni kweli si malaika, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Lakini hakumdhulumu Mwanasururu. Alitumiwa kama chambo kinavyotumiwa, na chambo hakiulizwi.

Hapo ndipo mwandishi alipotutega na sisi. Tumecheka pamoja na Kazija, kwa hiyo tumo ndani ya shauri lake. Hatuwezi tena kukaa pembeni tukamhukumu kama watu safi.

Halafu anatuongezea jambo jingine, na kwa wanaojua uchungu wa uzazi ni zito kuliko lile la kwanza. Tamima anapofika saa ya kujifungua, anayekuja kumsaidia ni Farashuu yule yule. Mkunga anaingia katika nyumba ya mtu aliyemwangamizia binti, kumpokea mtoto wa mtu huyo. Maksuudi anamkuta pale. Anampiga mke wake akiwa katika uchungu, na anampa talaka. Maimuna anaondoka nyumbani, na kwa sababu hajawahi kufundishwa dunia ilivyo, mikono ya kwanza inayompokea mjini ni ya Mama Jeni, mwenye nyumba ya pombe na wanawake wa kuuzwa. Nyumba nzima inasambaratika. Maksuudi naye baadaye anabaki bila mali na bila watu, ndiyo, lakini wanawake walikwisha kulipa kabla yake.

Je, Farashuu aliingia mlango ule kwa huruma ya mkunga au kwa hesabu ya mtu mwenye kisasi? Nimewauliza wakunga wawili wa huku kwetu. Mmoja alisema mkunga akiitwa hana adui, anachukua wembe na maji ya moto na kwenda. Wa pili alinyamaza, akasema: "Mtu anaweza kuwa na yote mawili mkononi." Sijawahi kusikia maelezo bora ya kitabu kile, hata kutoka kwa walimu.

Sasa twende mbali kidogo. Kabla ya Utengano, mwaka 1968, Samuel Mushi wa Tanzania aliutafsiri mchezo wa Shakespeare unaoitwa Macbeth, akauita Makbeth. Ulikuwa ni wakati ambapo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwisha kuonyesha njia kwa kutafsiri Julius Caesar mwaka 1963. Kwa hiyo mke wa Makbeth, ambaye Wazungu wamembishania kwa miaka mia nne, ni mwanamke wa Kiswahili pia kwa zaidi ya nusu karne sasa.

Mume wake ni mkuu wa jeshi, shujaa, mtu wa kuaminiwa na mfalme. Wanawake watatu wachawi wanakutana naye njiani na kumwambia atakuwa mfalme. Anamwandikia mke wake barua. Mke anaisoma, na kabla mume hajafika nyumbani, yeye amekwisha kuamua. Mfalme atakuja kulala kwao kama mgeni, hatatoka. Mume anasita, mke anamsukuma, anamchoma mahali ambapo mwanamume huchomwa kwa urahisi: wewe ni mwanamume kweli? Tendo linafanyika.

Wengi humkumbuka kwa ukatili huo tu. Mimi humkumbuka kwa mambo mawili madogo. La kwanza: anakiri kwamba angemuua mfalme yeye mwenyewe, kama mzee yule katika usingizi wake asingefanana na baba yake. Huyo ndiye mwanamke tunayeambiwa hana moyo! La pili: baadaye, akiwa malkia, anatembea usiku akiwa usingizini, anasugua mikono yake, anasugua, na harufu ya damu haitoki. Mchana ni malkia. Usiku ni mtu anayeosha mikono. Sisi tunaofua damu za kila namna, za uzazi, za vidonda vya watoto, tunajua jinsi doa la damu linavyoshika kitambaa. Shakespeare alikuwa mwanamume, sijui nani alimwambia.

Na angalieni wale wachawi watatu. Wao walisema maneno tu. Hawakushika kisu, hawakufungua mlango wa chumba cha mgeni, hawakumpelekea mke barua. Kilichomuua mfalme kilikuwa tamaa ya watu wawili wanaoheshimiwa, waliokuwa na nyumba nzuri na meza iliyojaa. Ukitaka kujua uovu ulipotoka katika mchezo ule, usiende porini kuwatafuta wale vikongwe. Nenda chumbani kwa wakubwa.

Nasema hivi kwa sababu hapa kwetu watu huenda porini. Mnawajua wale wanaoitwa bajakazi, wanaosema wana uwezo wa kumwonyesha mchawi kijijini. Mtoto akifa, ng'ombe akipotea, kijana akirudi kutoka machimboni mikono mitupu, wanaitwa, na kidole chao mara nyingi humwangukia mwanamke, na mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na kaka wa kusimama mbele yake. Mwezi wa Septemba 2021 shirika la habari la AFP liliripoti wanawake wanane waliochomwa moto au kuuawa na umati katika wilaya tatu za Kivu Kusini. Wanane ni waliohesabiwa.

Hadithi inahusika vipi na hayo? Inahusika sana, naona mimi. Umati hauwezi kumchoma mwanamke ambaye unajua habari zake. Unaweza kumchoma "mchawi". Ili jirani aliyekuazima chumvi miaka ishirini ageuke kuwa kuni, lazima kwanza asimuliwe kama yule adui wa filamu: mbaya tangu kuzaliwa, mbaya bila sababu, asiye na mama, asiye na hofu zake, asiye na la kusema. Hadithi ya namna hiyo ni fupi na ni tamu, na mtoto anayekua akisikia hiyo peke yake atakuwa mwepesi wa kuokota jiwe. Hata hadithi zetu za jioni zina dosari hiyo. Ile ya msichana aliyezikwa hai na wenzake wenye wivu, akaimba kutoka chini ya udongo mpaka nduguye akamsikia, inasimuliwa kwa namna nyingi kutoka kando ya ziwa hili hadi pwani. Naipenda na nitaendelea kuisimulia. Lakini je, umewahi kumsikia msimuliaji akisema wale wenzake walikuwa wakiwaza nini walipokuwa wakichimba?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinijibu kwa ukali nilipotoa wazo hili. Alisema: "Dada, sisi hapa tumeonewa na watu halisi, siyo wa vitabu. Unataka tuwahurumie na wao?" Swali lake ni la haki na linastahili jibu, hasa hapa Baraka.

Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilikaa hapa hapa mjini kwetu kuhukumu mambo yaliyowapata wanawake wa Fizi usiku wa mwaka mpya. Wanawake walisimama wakasema mbele ya majaji. Washtakiwa nao walisikilizwa, na mkubwa wao alikana. Luteni kanali yule alipata kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, maafisa wengine watatu wakapata miaka hiyo hiyo, wengine wakapata pungufu, na mmoja aliachiliwa. Mahakama ilitaka kujua kila mtu alikuwa wapi, aliamuru nini, alitii nini. Kumsikiliza hakukumwondolea mkosaji hata siku moja ya kifungo. Ila kulitenganisha aliyefanya na ambaye hakufanya, kazi ambayo umati haujawahi kuiweza.

Ndivyo ninavyomjibu yule mama. Kuingia kichwani mwa Maksuudi si kumwachilia Maksuudi. Ukitoka humo unamchukia kwa macho mapya, kwa sababu sasa unajua jinsi anavyofanya kazi: anavyoanza na sifa, anavyofunga mlango kidogo kidogo, anavyomfanya mke aombe ruhusa ya kwenda kwa mama yake. Binti aliyesoma habari zake akiwa na miaka kumi na sita atamtambua mapema akija na zawadi.

Na kwa kuwa nimetaja mabinti, neno juu ya Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na alifariki mwaka 2020. Kitabu chake hicho kiliwahi kuzuiwa kusomwa shuleni Tanzania. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi anayemlinda binti yake kwa fimbo. Barua moja tu kutoka kwa kijana inamletea Rosa kipigo. Regina, mama yake, anavumilia. Rosa anapofika shule ya mbali na jicho la baba, hajui kujilinda, kwa sababu siku zote alilindwa na hofu ya mtu mwingine, na anapotea hatua kwa hatua mpaka anajiua. Nawashauri mkisome ninyi kwanza kabla ya kuwapa mabinti, kwa sababu ya mwisho wake, na msimwachie msichana mwenye huzuni akisome peke yake. Wengi wanaouliza "nani mbaya humu?" hujibu Zakaria haraka. Mimi huwa naangalia zaidi ule uvumilivu wa Regina, ambao sisi wanawake tunausifu sana makanisani na misikitini. Nyumba ile ilihitaji mtu mmoja wa kusema hapana.

Kwa wale wanaopenda za Wazungu: kuna Gone Girl cha Mmarekani Gillian Flynn, kilichotoka mwaka 2012, na filamu yake mwaka 2014. Mke anapotea siku ya kumbukumbu ya ndoa, mume anashukiwa, na sisi tunasoma daftari la mke lililojaa mateso. Tukifika katikati tunagundua kwamba daftari lile alilitunga ili mume anyongwe. Ni hadithi ya kutisha na imejengwa kwa ustadi kama saa. Lakini nina shaka nayo kidogo. Mahali ambapo mwanamke aliyepigwa bado anaulizwa "una ushahidi gani?", filamu ya mke mwongo inaweza kumpa mtu fulani kisingizio anachokitafuta. Itazameni, ila mzungumze baada yake. Na si ya watoto.

Kuhusu watoto, akina mama wengi wameniuliza kama hadithi hizi hazitawaharibu. Naona zinazoharibu ni zile zinazotazamwa kimya, kwenye simu, chini ya shuka. Mtoto wa miaka minane haihitaji Kazija. Wa miaka kumi na tano huenda anamhitaji, mradi mama au shangazi awepo. Sihubiri mwisho wa hadithi. Huwa nauliza swali moja tu: ni wapi angeweza kugeuka akarudi? Kila mtu mbaya wa hadithi nzuri ana mlango aliopita bila kuingia. Makbeth alikuwa nao, alipomwambia mke wake tusiendelee na jambo hili. Watoto ni hodari sana kuuona mlango huo, kuliko sisi, na wakishauona katika kitabu wanaanza kuuona katika ugomvi wao wa kisimani.

Kitabu kimoja kinatosha kikundi kizima. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wengine wanachambua maharage au wanasuka, kurasa kumi kumi kila kikao, kabla ya kuhesabu pesa. Ukihesabu pesa kwanza, watu wanaondoka. Kwa wasiojua kusoma si hasara hata kidogo. Ni wao, kwa jinsi nilivyoona, wanaokumbuka nani alisema nini katika kikao kilichopita, na ni wao wanaomkatiza msomaji kumwambia kwamba mtu huyu alisema vingine juzi. Masikio yaliyozoea mashauri ya ukoo hayadanganywi na mhusika yeyote.

Kikundi kimoja cha washonaji kilimaliza Utengano mwezi uliopita, na nilialikwa kusikiliza. Walikuwa wamegawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa umekaa mkeka wake. Wa kwanza walisema Kazija alifanya haki, kwani anayedhulumu bila kushtakiwa lazima apatikane na mtu wa kumshtaki, hata akiwa malaya. Wa pili walisema Kazija alitumia uchafu kuondoa uchafu, na nyumba haikusafishika. Walirushiana maneno zaidi ya saa moja. Msemaji wa upande wa kwanza alikuwa mama wa makamo, mwenye kipaji, ambaye ningempigia kura mara moja. Alikuwa amesimama, akitaja moja baada ya jingine maovu ya Maksuudi kwa vidole vyake, na wa upande wa pili walikuwa wameanza kutazama chini.

Ndipo mke wa mvuvi mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akainua kichwa kutoka kwenye cherehani yake. Alikuwa na mimba kubwa.

"Na Tamima," akasema, "ni nani kati yao aliyemwuliza?"